Kupiga picha vyombo na mapambo ya fedha ya urithi, Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninapiga picha za vyombo na mapambo ya fedha majumbani mwa watu hapa Lamu: mitali (bangili za miguuni), vikuku, mirashi (vyombo vya kunyunyizia marashi), vyetezo vya ubani, vijaluba (vikasha vidogo) vya tambuu. Wengi wanaoniita ni wajukuu waliokuja nyumbani kwa Maulidi au kwa arusi, wakamkuta bibi amefungua kasha, na sasa wanataka picha kabla hawajarudi Mombasa, Jeddah au London. Maswali yao ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Simu yako inatosha kwa karibu kila jambo nililoeleza.

## Kabla ya kutoa kitu kashani

Vitu vyenyewe vimo kashani miaka yote. Picha za nini?

Kwa sababu fedha haikai. Bibi akifariki, jozi ya mitali inagawanywa kwa mabinti wawili, mmoja anabaki Lamu na mwingine anakwenda Malindi na mtali wake. Mwaka wa shida ukiingia, unapelekwa kwa sonara, na sonara ananunua kwa uzito. Masonara wa pwani wanapima kwa tola, na tola moja ni gramu 11.66. Kwenye mizani ile hakuna anayehesabu nakshi wala jina la aliyeuvaa.

Na ndivyo vitu hivi vilivyozaliwa. Mapambo mengi ya fedha ya pwani hii na ya Uarabuni yalifuliwa kwa sarafu zilizoyeyushwa, hasa ile riale yenye sura ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28 na kitu na fedha asilimia 83.3. Kilichotoka kwenye moto kinaweza kurudi kwenye moto asubuhi moja tu. Picha nzuri inabaki, na ikitokea wizi ndiyo ya kwanza kuulizwa na polisi.

Nisafishe kwanza ili ing'ae?

Hapana. Ukisoma jibu moja tu hapa, nakuomba liwe hili.

Weusi unaouona umetokana na salfa iliyo hewani, na pia kwenye sufu, mpira na mayai. Ikigusana na fedha inafanya ngozi nyembamba nyeusi juu yake. Ngozi hiyo inafutika pale mkono unapopita kila siku, na inabaki ndani ya mifereji ya nakshi. Kwa hiyo kitu kilichovaliwa miaka sitini kinakuwa na migongo myeupe na mabonde meusi, na ni weusi ule wa bondeni unaokuwezesha kuona ua, jani na mkufu mdogo uliochorwa ukingoni. Ukiuondoa, jicho halina pa kushika, na kamera vile vile.

Nasema hivi kwa uchungu. Mtali wa bibi yangu ulipelekwa kung'arishwa wiki moja kabla ya arusi ya ndugu yangu. Ulirudi mweupe kama kijiko kipya. Nikaushika mlangoni, penye mwanga, nikautafuta mstari wa vidoto vilivyokuwa vikizunguka kichwa chake, vile nilivyokuwa nikivihesabu kwa kidole nikiwa mdogo. Vilikuwa vimelainika hata kidole hakivisikii. Aliyeung'arisha alikuwa ametumia gurudumu la mashine, na gurudumu haliondoi weusi peke yake, linakula na fedha. Picha ya kabla sikuwa nayo.

Basi futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu au kwa brashi safi ya wanja, uishie hapo. Dawa ya meno inakwaruza. Majivu na ndimu, ambavyo mama zetu wanasugulia shaba, usivikaribishe. Hata ule ujanja wa karatasi ya foili, maji moto na soda ya kuokea unavua weusi wote pamoja na ule wa kwenye nakshi. Familia ikitaka kusafisha, isafishe baada ya picha, nawe upige tena.

Nikishike vipi?

Kwa kitambaa cha pamba au glavu za pamba. Jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole isipofutwa inaweza kujichora kwenye fedha ikakaa. Epuka glavu za mpira wa kawaida, na usifunge vikuku pamoja kwa rababendi, kwani mpira una salfa na utaacha mstari mweusi. Tandika taulo juu ya meza kabla ya kuanza, maana sakafu zetu ni ngumu.

Picha itanionyesha kama ni fedha halisi?

Haitakuonyesha. Itakuonyesha muhuri kama upo (tazama sehemu ya maandishi na mihuri), na sehemu ambapo fedha ya juu imechakaa ikatokeza shaba nyekundu au njano chini yake. Zaidi ya hapo ni kazi ya sonara na jiwe lake la kupimia. Kaa naye anapopima, na umwambie mapema asisugue penye nakshi.

## Mwanga

Mbona kila nikipiga najiona mwenyewe ndani ya picha?

Fedha ni kioo. Mti na kitambaa unavipiga picha vyenyewe, lakini fedha unapiga picha ya kile kinachojitazama ndani yake. Ukishaelewa hili, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu unaacha kuhangaika na kitu chenyewe na kuanza kupanga vinavyokizunguka.

Mwanga unaruka kutoka kwenye kioo kwa pembe ile ile uliyoingilia. Kitu bapa, kama kifuniko cha kijaluba, kinajitazamia sehemu moja tu ya chumba. Weka karatasi nyeupe sehemu hiyo na kifuniko kitakuwa cheupe. Kitu cha mviringo, kama tumbo la mrashi, kinameza chumba kizima: dirisha, zidaka za ukutani, wewe na simu yako. Hicho kinahitaji kuzungushiwa weupe pande zote (tazama swali la shuka hapa chini).

Nipigie wapi ndani ya nyumba, na saa ngapi?

Nyumba zetu za mawe zimekusaidia tayari. Kuta zilizopakwa chokaa ni taa kubwa nyeupe laini. Kaa msanani, ile baraza ya ndani, hatua mbili tatu kutoka kwenye kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, mahali ambapo jua halikufikii lakini unaona ukuta uliopigwa na jua upande wa pili. Mwanga unaoruka kutoka ukuta ule ndio unaoutaka.

Saa tatu mpaka saa nne na nusu asubuhi, au saa tisa mpaka saa kumi alasiri. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na adhuhuri jua linashuka wima ndani ya kiwanda: fedha inakuwa vidoa vyeupe visivyo na kitu ndani, na vivuli vyeusi pembeni. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, funga shuka zako kwa vibanio, upepo hauna subira. Na kama umepita ukingo wa bahari kabla ya kuanza, futa lenzi, maana ina ukungu wa chumvi usiouona.

Nivae nini?

Watu wanadhani swali hili ni la adabu peke yake, kumbe ni la mwanga. Nguo yako itaonekana ndani ya fedha. Kanzu nyeupe ni nzuri kuliko vifaa vingi vya dukani, kwa sababu mpigaji mwenyewe anakuwa ukuta mweupe mbele ya kitu. Buibui nayo ina kazi yake: mtu aliyevaa nyeusi akisimama upande mmoja, nje ya picha, mstari mweusi unaingia ukingoni mwa chombo na umbo linatengana na mandhari nyeupe. Mara nyingi namwomba shangazi wa nyumba asogee hatua moja kushoto, basi, na picha inakamilika.

Nguo isiyofaa ni leso au shati la rangi kali. Niliwahi kupiga mrashi mmoja mara arubaini nikishindwa kujua wekundu shingoni unatoka wapi, mpaka nikageuka nikaona leso imeanikwa nyuma yangu.

Ninunue hema la mwanga?

Shuka nyeupe ya pamba isiyo na maua inatosha. Ining'inize kwenye kamba au viti viwili kati ya kitu na mwanga, na nyingine upande wa pili, kisha ya tatu juu. Ya juu watu wanaisahau, na katika nyumba za Lamu ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu boriti za dari zinajichora kwenye mabega ya mrashi mstari kwa mstari, kama mbavu. Mbele acha upenyo wa kutosha lenzi tu. Kwa vyombo vya mviringo kabisa nakata tundu kwenye shuka kuukuu na kupitisha lenzi humo. Kinachobaki ndani ya picha ni kidoto kimoja cheusi, nami nakielekeza mahali penye nakshi nyingi kikajificha.

Usifanye weupe ukazidi, hata hivyo. Fedha iliyozungukwa na weupe mtupu inapoteza umbo, ikaonekana plastiki. Baada ya kupanga shuka, ongeza vipande viwili vya karatasi nyeusi pembeni na uvisogeze taratibu huku ukitazama kioo cha simu. Utaona ukingo wa chombo ukijiandika.

Flashi je?

Izime.

Nimeambiwa kichujio cha polaraizi kinaondoa mng'aro. Kweli?

Juu ya maji, kioo na mbao zilizopigwa vanishi, ndiyo. Juu ya metali tupu, kichujio cha kwenye lenzi peke yake hakisaidii sana, kwa sababu mng'aro wa metali hautoki umepangika kwa namna ambayo kichujio kinaweza kuuzuia. Wako wanaoweka kichujio kwenye taa pia, na hapo mng'aro unakufa kweli, lakini fedha inabaki ya kijivu kama risasi. Okoa pesa zako.

Kwa nini fedha inatoka ya buluu, au ya manjano?

Inachukua rangi ya kinachoiangaza. Kivulini, chini ya mbingu wazi, inaangazwa na mbingu, inakuwa buluu. Chini ya globu ya nyumbani inakuwa manjano. Vyote viwili vinarekebishika kama umepiga picha moja ya mwanzo ukiwa na karatasi nyeupe kando ya chombo, ukairekebisha rangi mpaka karatasi iwe nyeupe. Kisichorekebishika ni mchanganyiko: dirisha upande huu na globu upande ule. Chagua mmoja.

## Kitu kwa kitu

Mrashi?

Huo ndio mtihani. Tumbo la mviringo, shingo ndefu nyembamba, kichwa chenye vitundu. Usiupige kutoka juu, shingo itakuwa fupi na tumbo kubwa. Shusha simu mpaka iwe usawa wa nusu ya urefu wake, rudi nyuma kiasi cha mita moja, kisha vuta kwa zumu. Piga tena kichwa peke yake kutoka juu, vitundu vionekane, kwa sababu idadi na mpangilio wake hutofautisha mrashi na mrashi. Na uhakikishe hauna marashi ndani. Yakimwagika yanaacha alama kwenye kitambaa, nawe unabaki kuomba radhi.

Mitali na vikuku?

Piga vyote viwili pamoja, kisha kimoja kimoja. Hakuna jozi iliyo sawasawa, aliyefua alitumia nyundo na jicho. Vilaze bapa kwa picha ya nakshi, visimamishe kwa kipande kidogo cha nta au gundi laini ya ukutani kwa picha ya mviringo, na usisahau upande wa ndani. Ndani ndiko kuna mikwaruzo ya mguu na, mara nyingine, viraka vya lehemu.

Mkufu na kidani?

Juu ya kitambaa cheusi kisicho na nywele, au juu ya karatasi ya kijivu. Panga kila kipande kwa mkono. Inachosha, lakini pingili zilizolaliana hazihesabiki.

Hirizi yenye kijumba cha fedha?

Piga nje tu, isiwekwe sakafuni, na isifunguliwe. Kilichomo ndani kiliwekwa na mtu kwa nia yake, na picha haina haki nacho. Familia ikikuambia usiipige kabisa, irudishe kashani bila neno la pili.

Riale yetu imeandikwa 1780. Ndio umri wake?

Si lazima. Maria Theresa alifariki mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliipenda sarafu ile hivi kwamba iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka ule ule kwa vizazi vingi. Piga pande zote mbili na ukingo, ukingo una maandishi. Kama imetiwa kikonyo ili ivaliwe shingoni, kikonyo nacho kipigwe kwa karibu, hicho ndicho sehemu yake ya Kiamu.

## Maandishi na mihuri

Muhuri upo lakini hausomeki pichani. Nifanyeje?

Hapa geuza kila nilichosema kuhusu mwanga laini. Funga dirisha, chukua tochi ndogo, ilaze karibu na meza ili mwanga upite juu ya chombo kwa ubavu, kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga wa Shela likaonyesha kila unyayo. Piga picha tatu au nne ukizungusha tochi. Herufi isiyoonekana kutoka kushoto itatokea kutoka juu.

Mihuri ina maana gani?

Simba anayetembea ni alama ya Uingereza ya fedha asilimia 92.5, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi iliyo kando ni ya mwaka. Herufi EPNS maana yake kitu kimepakwa fedha juu ya metali nyingine. Namba 925 inajieleza. Kukosa muhuri hakumaanishi kitu ni bandia: mapambo mengi yaliyofuliwa pwani, Oman na Kachi ya Bara Hindi hayakupigwa muhuri wowote.

## Simu na kamera

Picha za karibu zinatoka na ukungu.

Umesogea mno. Rudi nyuma sentimita 30 au 40 na utumie lenzi ya mara mbili kama simu yako inayo. Lenzi pana iliyosogezwa karibu inavuta pia umbo, pete inakuwa yai. Egemeza simu kwenye kitu, washa kihesabu cha sekunde tatu, uondoe mkono.

Simu inafanya fedha kuwa nyeupe mno, au kitambaa cheusi kuwa kijivu.

Simu inataka kila picha iwe ya mwanga wa wastani. Gusa kioo penye fedha, kisha buruta kile kijijua chini mpaka nakshi zirudi. Giza kidogo linarekebishika baadaye. Weupe uliokwisha kuungua haurudi.

## Kumbukumbu na kuhifadhi

Picha ngapi kwa kila kitu?

Kuna kiwango cha kimataifa cha kuandika vitu vya turathi, Object ID, kilichotolewa 1997 na ambacho leo kiko chini ya ICOM, baraza la makumbusho duniani. Kinauliza mambo rahisi: ni kitu gani, cha nini, kina vipimo gani, maandishi gani, alama gani ya pekee, cha lini, cha nani. Mimi napiga mbele, nyuma, chini, ndani, muhuri, kila kovu, na moja yenye rula kando yake. Kovu lipige vizuri kuliko pambo. Vikuku vya umbo moja viko vingi, lakini chenye ufa ule pale ni cha kwenu.

Kisha mrekodi bibi kwa sauti. Alikipata kwa nani, alikivaa lini, kinaitwaje kwa jina la nyumbani. Nimewahi kuandika "kikuku" nikasahihishwa na mama wa miaka themanini kwamba kile ni kekee, na kwamba ningekuwa mjukuu wake angenipiga kofi.

Nitumieje picha kwa familia?

Kwa WhatsApp tuma kama hati, si kama picha, la sivyo inabanwa na muhuri unapotea. Weka nakala mahali pawili, na moja isiwe Lamu. Chapisha angalau seti moja.

Na vitu vyenyewe?

Kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, kila kitu peke yake, pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Siyo sufu, siyo gazeti.

## Masuala magumu

Naweza kuweka picha mtandaoni?

Fedha hizi aghalabu ni mali ya mwanamke, na picha imepigwa ndani ya nyumba yake. Muulize yeye, si mwanawe. Zima taarifa za mahali kwenye simu, na usionyeshe mlango, zidaka wala chochote cha kumwelekeza mwizi.

Bibi anataka kupigwa akiwa amevaa.

Mpige. Mikono au miguu peke yake kama hataki uso. Mtali juu ya mguu unaonyesha ulivyokaa, jambo ambalo hakuna rula inayoweza kulisema.

Mjukuu anataka kuondoka nacho kwenda ng'ambo.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kukitoa nchini kunahitaji kibali. Kaulize kwanza Makumbusho ya Lamu, pale ukingoni mwa bahari, na picha zako uende nazo.

Ndugu wanagombania. Nipige?

Piga wakiwepo wote, au usipige. Kila mmoja apewe nakala siku ile ile.

Kitu kilishauzwa. Kuna la kufanya?

Lipo. Tafuta picha za arusi, ndugu wote waulizwe. Kikuku kidogo kwenye mkono wa bi arusi kinaweza kukuzwa kikaonyesha umbo. Chora pamoja na aliyekivaa. Na usitupe kitambaa. Nyumba moja ya mtaa wa Mkomani nilikuta vikuku vimeuzwa zamani, kimebaki kile kitambaa cha pamba vilichofungiwa. Tulipokikunjua juu ya meza, duara mbili nyeusi zilikuwa zimejichora, moja imekatika kidogo penye tundu la komeo. Niliweka rula kando yake, nikafunga dirisha la pili, nikapiga.